Muulize Mzee wa Brashi: Kadi Ipo, Bango la Nini?

SWALI: Shikamoo mzee. Nafundisha historia kidato cha tatu hapa Makorora, Tanga. Tulipofika Vita Kuu ya Pili ya Dunia niliwaonyesha wanafunzi picha ya bango la Uingereza: karoti imevaa kofia ndefu na miwani, imeshika mkoba wa daktari, na maneno yanasema huyu ni Daktari Karoti, rafiki mkubwa wa watoto. Nikaeleza kwamba chakula wakati ule kilikuwa cha mgao. Binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama kadi zipo na sheria ipo, ya nini tena serikali kuwabembeleza watu kwa michoro?" Nikamwambia nitamjibu Jumatatu. Jumatatu mbili zimepita sasa. Wewe uliyechora mabango tangu ujana wako, unasemaje?
Mwalimu, Makorora

JIBU: Marahaba mwalimu. Mpe binti huyo salamu zangu, maana ameuliza swali ambalo mimi nilianza kujiuliza nikiwa na miaka minane kwenye kazi hii, tena niko juu ya ngazi. Nitafika huko. Kwanza tuiangalie kadi yenyewe.

Waingereza walianza mgao tarehe 8 Januari 1940, kwa nyama ya nguruwe ya chumvi, siagi na sukari. Baadaye zikafuata nyama nyingine, majani ya chai, jemu na jibini. Viwango vilipanda na kushuka, lakini kwa kawaida mtu mzima alipata kwa wiki sukari gramu 227 hivi, yaani kikombe cha chai kilichojaa, siagi gramu 57, majani ya chai gramu 57 na yai moja. Kila nyumba ilijiandikisha kwenye duka lake, na mwenye duka akakata kipande kwenye kitabu cha mgao au akagonga muhuri. Kisiwa kile kilikuwa kinalishwa na meli. Zaidi ya nusu ya chakula chao kilitoka ng'ambo, na nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizizamisha meli hizo katika bahari ya Atlantiki.

Sasa mwambie binti arudi kwenye lile bango aitazame karoti tena. Karoti haimo kwenye kadi! Viazi navyo havimo. Mkate haukuwekewa kadi vita nzima. Uliwekewa Julai 1946, bunduki zimeshanyamaza, mpaka Julai 1948. Kwa hiyo lile bango halikuwa linamlazimisha mtu kukubali kadi. Lilikuwa linamsukuma kwenye vyakula visivyo na kadi, vilivyokuwa vinaota kwenye udongo wao wenyewe, ili asikae akiililia siagi.

Hapo ndipo jibu linapoanzia. Sheria ilimhesabia mama wa London siagi yake, lakini haikuweza kusimama jikoni kwake kuangalia kama anamenya kiazi ganda nene au jembamba. Haikuweza kumzuia asitupe kipande cha mkate kilichokauka, wala kumtoa mzee kitandani Jumapili alfajiri akalime bustani nyuma ya nyumba, wala kumzuia mtu asiingie dukani kwa mlango wa nyuma na noti mkononi. Mambo hayo yote yanafanyika mtu akiwa peke yake, polisi hayupo. Huko kadi haifiki, na huko ndiko bango lilikopelekwa.

Waziri wao wa chakula kuanzia Aprili 1940, Lord Woolton, alikuwa mtu wa maduka makubwa kabla ya kuingia serikalini. Nadhani ndiyo maana alilielewa jambo hili. Muuza duka anajua mteja hafokewi. Chini yake kiazi kikawa mtu, kikapewa jina, Potato Pete, kina miguu na kofia. Redio ikawa inatoa mapishi kila asubuhi. Mpishi wa hoteli kubwa ya Savoy akatunga mkate wa mboga uliopewa jina la waziri mwenyewe: viazi, karoti, koliflawa, vimefunikwa kwa unga uliookwa. Watu hawakuupenda sana, lakini waliupika.

Kuna jambo moja kwenye habari ya karoti linaloniudhi, na mwalimu wa historia huna budi kuliweka wazi darasani. Waliambiwa karoti inasaidia kuona gizani, kwa kuwa miji ilizimwa taa usiku kuogopa ndege za mabomu. Ikaenezwa pia kwamba marubani wao wa usiku wanawaona adui kwa sababu wanakula karoti, kumbe ndege zimefungwa rada, nayo ilikuwa siri. Ni kweli mtu aliyekosa vitamini A huona kwa shida jua likishazama, na karoti humsaidia. Lakini mwenye vitamini hiyo ya kutosha hata akila gunia haoni zaidi ya jirani yake. Mimi bango la namna hiyo siwezi kulisifu hata kama lilishibisha watu. Ukishamzoeza mtu kuamini uongo mdogo ulioandikwa kwa rangi nzuri, siku ya uongo mkubwa atakuwa tayari ameshazoea.

Sasa nije kwenye kazi ya pili ya bango, na hii ndiyo iliyonifanya nikuandikie kirefu.

Wamarekani walikuwa na bango la mwaka 1943 lililogawanywa picha mbili, ya juu na ya chini. Juu, mama mmoja amejaza vifurushi mikononi na mwenzake hana kitu. Chini, kila mmoja amepata chake na nyuso zimekunjuka. Maneno yanasema mgao maana yake ni fungu la haki kwa wote. Liko na jingine la mwaka huohuo, ambalo kwa mkono wa fundi nalipenda zaidi: askari kijana ananyanyua kikombe cha bati, anakutazama machoni anatabasamu, na maandishi yanamwambia raia ajinyime kidogo ili wale wapate cha kutosha. Kile kikombe kimechorwa kikubwa, kiko mbele ya uso, unaona bati lilivyong'aa ukingoni. Aliyechora alijua kwamba mtu anayekatiwa sukari anataka kuona ilikokwenda.

Mabango yote mawili yanasema neno moja: hujaonewa, mwenzako naye amepunguziwa. Njaa ndogo mtu huivumilia. Kisichovumilika ni njaa ndogo na jirani ameshiba.

Mimi hili nililijifunza mwaka 1982. Ndugu zangu wa rika langu mnakumbuka. Vita vya Kagera vilikuwa vimeshakwisha, Mwalimu Nyerere alikuwa ametuomba tufunge mikanda kwa miezi 18, na miezi 18 ilikuwa imeshapita na mkanda bado umekazwa. Sukari, sabuni, unga, vyote foleni. Watu wa Tanga tulirudi kwenye bada, yaani ugali wa muhogo, na kisamvu, chai tukainywa kwa sukari guru. Ulikuwapo na ule unga wa njano wa msaada ambao nchi nzima tuliuita unga wa Yanga.

Basi nikaitwa nichore ukutani kwenye duka moja la mgao huku Ngamiani. Sitalitaja, na waliohusika wengi wametangulia mbele ya haki. Aliyeniagiza alinipa karatasi ina maneno kumi na tisa. Nikamwambia, bwana mkubwa, mtu aliyesimama foleni tangu alfajiri hasomi maneno kumi na tisa. Tukakubaliana matano: KILA KAYA NA FUNGU LAKE.

Rangi ilikuwa adimu kama sukari. Nilipewa kopo moja jekundu lililoganda juu, nikalipasua kwa bisibisi, nikalizimua kwa mafuta ya taa. Mistari niliipiga kwa uzi wa katani uliopakwa chaki: unaufunga kwenye misumari miwili, unauvuta katikati kwa vidole, unauachia, unakaa mstari mweupe ulionyooka kuliko rula. Chini yangu ilikuwa foleni ya kina mama na mawe. Vijana hawayajui mawe haya. Mtu aliweka jiwe, au kopo, au ndala moja, likamshikia nafasi wakati amekwenda kumtazama mtoto, na hakuna aliyethubutu kuliruka jiwe la mwenzake.

Nilipofika kwenye neno FUNGU kichwa changu kilikuwa usawa wa matofali yenye matundu, yale ya kupitisha hewa chini ya paa. Nikachungulia ndani bila kukusudia. Magunia ya sukari yamepangwa mpaka kiunoni mwa mtu. Niliyahesabu, kwa kuwa nilikuwa nasubiri rangi ishike kabla ya kurudia: kumi na manne. Na wakati nahesabu nikasikia dirishani, chini ya miguu yangu, sauti ya mwenye duka: "Imekwisha, njooni Alhamisi." Kina mama wakainama wakaokota mawe yao. Mmoja alikuwa na mimba kubwa, akashindwa kuinama, mwenzake akamwokotea.

Nililimalizia neno LAKE. Nilikuwa na watoto wawili nyumbani. Malipo yangu yalikuwa kilo mbili za sukari ileile, nikazipokea, nikazipeleka nyumbani nimezifunga kwenye shati. Hilo nimelibeba miaka yote hii na sijawahi kuliandika mahali.

Siku ya tatu nikapita pale. Mtu alikuwa ameongeza kwa mkaa, herufi za haraka haraka, mwishoni mwa maneno yangu: LA KUKOSA. Ukuta ukasomeka KILA KAYA NA FUNGU LAKE LA KUKOSA. Nikaitwa nipake chokaa. Nilipaka, lakini mkaa ukifunikwa kwa mkono mmoja wa chokaa huendelea kuonekana kwa chini, kijivu, na chokaa ya mkono wa pili haikuwapo. Duka lile likaitwa La Kukosa mpaka lilipofungwa. "Umepata?" "Natoka La Kukosa."

Mwalimu, siku ile nilielewa kwamba bango na duka ni kitu kimoja. Wale kina mama hawakuwa wakaidi. Kama mwenye duka angewapimia robo robo mbele ya macho yao mpaka gunia likaisha kweli, maneno yangu matano yangekaa ukutani miaka kumi na hakuna ambaye angeyagusa.

Waingereza nao walipita humo. Vitabu vya mgao walipewa hata jamaa ya mfalme, na mwaka 1942 Eleanor Roosevelt, mke wa rais wa Marekani, alipolala kwenye jumba la Buckingham aliletewa chakula cha kiwango cha mgao kwenye sahani za dhahabu na fedha. Lakini mahotelini mwenye pesa alikuwa anakula anavyotaka bila kutoa kadi, na watu wakanung'unika, na manung'uniko hayo hayakuondolewa na mchoraji. Yalipunguzwa na amri ya mwaka huohuo 1942 kwamba mlo wa hotelini usizidi shilingi tano. Ilibidi duka lenyewe libadilike kwanza. Vita vilipokwisha, mgao ukaendelea mpaka tarehe 4 Julai 1954, na miaka ile ya mwisho malalamiko yalizidi, kwa kuwa askari mwenye kikombe cha bati ameshafika nyumbani na huwezi tena kumchora.

Kuna upande wa pili wa swali ambao binti anaweza kuufurahia. Bango bila kadi nalo walilijaribu. Katika vita vya kwanza, Mei 1917, mfalme George V aliwaomba raia wake kwa tangazo wapunguze mkate kwa robo, kwa hiari yao. Mabango yakabandikwa kila mahali. Mwisho wa mwaka huo foleni za chakula zilikuwa ndefu Uingereza nzima, maana mwenye nacho alinunua akaficha, na aliyetii tangazo akakuta duka tupu. Mwaka 1918 wakaleta kadi. Kwa hiyo aliyeuliza "kadi ipo, bango la nini?" anaweza kugeuza akauliza "bango lipo, kadi ya nini?", na darasa likajibu lenyewe.

SWALI: Mzee wangu, marehemu bibi alikuwa akisimulia kwamba wakati wa vita vya Hitler watu walikusanywa kwa lazima kwenda kukata mkonge. Je, hilo lina uhusiano wowote na habari hizi za chakula, au ni jambo jingine kabisa?
Msomaji, Pangani

JIBU: Bibi yako alisema kweli. Mapema mwaka 1942 Wajapani waliziteka Ufilipino na visiwa vya Waholanzi ambavyo leo ni Indonesia, na huko ndiko nyuzi nyingi za kamba zilikokuwa zinatoka. Mkonge wa Tanganyika, na Tanga ndiyo iliyokuwa kitovu chake, ukawa mali ya vita. Serikali ya kikoloni ikaruhusu watu wapelekwe kwa lazima kwenye mashamba ya mkonge, ya mpira na ya chakula. Meli zinazobeba ngano hazifungwi gatini bila kamba, mwanangu. Kwa hiyo mama wa London aliyekuwa anaombwa kwa picha nzuri asitupe mkate, na kijana aliyeondolewa kwao akakate majani yenye miiba, wote walikuwa kwenye safari moja ya ngano. Mmoja alibembelezwa na mwenzake alikamatwa.

Na ukienda nyuma zaidi, vita vya kwanza, majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yote yalijichukulia nafaka na ng'ombe katika nchi hii na kuondoka na wanaume kuwa wapagazi. Wagogo mpaka leo wana jina la njaa iliyofuata: Mtunya. Mwalimu wa Makorora, na hili liweke kwenye somo lako, lisikae upande wa Ulaya peke yake.

SWALI: Habari za kazi mzee. Mimi ni msichana wa Bagamoyo, nachora kwa kompyuta. Nimepewa kazi na shule moja ya bweni hapa: wanataka bango la kuwazuia wanafunzi wasitupe chakula. Wamenipa sentensi ndefu kuhusu nidhamu na uzalendo. Hayo mabango ya vita yana la kunifundisha?
Mchoraji, Bagamoyo

JIBU: Yanalo, binti yangu, tena mengi, na nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kuchora.

Sentensi ya uzalendo warudishie kwa heshima. Chukua bango la Uingereza la vita vya kwanza: liliwaambia watu waokoe vipande viwili vinene vya mkate kila siku, wazishinde nyambizi. Vipande viwili. Vinene. Kila siku. Mtu anajua aanze na nini asubuhi ya kesho. Kaa na wapishi upime: kwa siku moja ndoo ya makombo inajaa mara ngapi, na hiyo ni sahani ngapi za ugali? Chora idadi hiyo ya sahani. Usiandike "chakula kingi".

Halafu tafuta picha ya lile bango lao la kulima bustani: buti moja na jembe la kukanyagia, mguu unalizamisha kwenye udongo. Hakuna uso, hakuna bendera. Kila anayelitazama anaweza kuwa mwenye buti. Wewe chora mkono na kijiko, sahani imebaki nusu. Usichore mwanafunzi mbaya aliyenuna, maana wataanza kumtafuta anayefanana naye bwenini, na utakuwa umemuumiza mtoto wa watu.

Maneno yawe kama jina la kanga. Mama zetu wa pwani wamesomesha umma kwa maneno machache pindoni kwa muda mrefu kuliko wizara yoyote, na hakuna kanga yenye aya mbili. Na lugha iwe yao. Mwaka 1917 Wamarekani walitoa bango la kuwaomba wahamiaji wasipoteze ngano, lina sanamu ya uhuru na upinde wa mvua juu ya mji, wakalichapa kwa Kiyidi, kwa Kiitaliano na lugha nyingine, kwa kuwa mama aliyeteremka melini juzi anapika kwa lugha yake. Wanafunzi wako wakisema msosi, andika msosi, hata mwalimu wa zamu akikunja uso.

Ukimaliza, lichape dogo, libandike ukutani, upite mbele yake kwa mwendo wa kawaida bila kusimama. Usipoweza kulisoma lote kabla hujalipita, punguza. Kisha lipeleke pale ilipo ndoo ya makombo, usawa wa macho ya mtoto wa kidato cha kwanza. Lisiende ofisini kwa mkuu.

Lakini kabla ya yote haya, nakuomba kama ningemwomba mwanangu wa kumzaa: nenda na sahani ukasimame mwisho kabisa wa foleni yao, siku tatu mfululizo. Angalia wa mwisho anawekewa nini, na angalia meza ya walimu ina nini siku hiyohiyo. Ukikuta wa mwisho anapata maji ya maharage na ukoko wa ugali, zungumza na mpishi na mkuu kwanza. Bango lisubiri mpaka hapo patengenezwe.